Ya Mtini Yabaki Mtini

Ujiji,
mvua za kwanza.

Mdogo wangu Enoki,

Marahaba. Nimeitikia kabla shikamoo yako haijanifikia, kwa sababu najua ungeanza nayo. Hata siku ile mbele ya wazee wa kanisa ulianza nayo, kisha ndipo ukasema uliyosema.

Habari za Ipole? Mkeo Mama Neema mgongo wake umepata nafuu, au bado anainama kama mtu anayetafuta sindano? Mvua zimeshagusa ardhi mkahamisha miche ya tumbaku, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda kwa watu wengine? Na nyuki wamerudi kwenye mizinga ya ng'ambo ya mto? Nauliza kama mtu anayetaka majibu, ingawa sijui kama majibu yatanikuta.

Mimi nipo. Miguu imevimba, viatu vimenikataa, navaa kandambili kila mahali. Nikitoka kitandani hadi mlangoni napumzika kwanza, ndipo naendelea na safari ya kwenda kwenye kiti. Daktari alimweleza Tabitha kwamba moyo umechoka na dawa sasa ni za kuusindikiza tu. Alimweleza uani, lakini dirisha langu lilikuwa wazi. Nilidhani binti yangu hajui kwamba najua. Anapika mchuzi bila chumvi, halafu anasema, "Baba, nimesahau chumvi tena, uzee umenianza mimi kabla yako." Nami nasema mchuzi ni mtamu. Tumekuwa tukidanganyana hivyo mchana na jioni, kwa upendo.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tumezoea uongo wa namna nyingine. Unasema, "Kaka, tuko pamoja," nami nasema tuko pamoja. Unaniuliza kama nimekusamehe, najibu kwamba nilikwisha kusamehe zamani. Kisha salio linaisha, au tunasema limeisha. Kwenye karatasi sikusikii ukikohoa kwa aibu, kwa hiyo naweza kusema ukweli. Ukweli ni kwamba sijakusamehe.

Usiikunje barua. Endelea.

Baba yetu hakuwa mtu wa sheria nyingi. Alikuwa nayo moja, na ilikuwa ya porini. Kurina asali ni kazi ya watu wawili: mmoja anapanda na mwenge wa moshi, mwingine anabaki chini ameshika kamba ya kuteremshia ndoo. Aliye juu, nyuki wakimzidi, anatakiwa aseme neno moja: "Nimelemewa." Asijikaze, asitukane, asione haya. Aliye chini akilisikia anapeleka mwenge mwingine kwa ile kamba na hatoki pale mpaka mwenzake ashuke. Na jioni kambini, wanaume wanapokaa na kuchekana, yule wa chini hasemi. Ya mtini yabaki mtini. Baba alitueleza sababu, na alikuwa akieleza huku anasuka kamba, hatutazami: mtu anayejua kwamba atachekwa kambini hatasema amelemewa. Atajikaza, na ataanguka.

Wewe ndevu zilikuwa hazijaota siku ulipolemewa juu ya ule mninga mkubwa. Nilikuwa chini. Ulisema neno, kisha ukalia ukimwita mama, na mengine yakakutoka ambayo mtu mzima hapendi kukumbushwa. Nilipeleka moshi, nikapanda nusu ya mti, nikakushika kisigino mpaka ukajua mguu wako uko wapi. Mtoni ukafua suruali yako. Mimi nami nikafua yangu, iliyokuwa kavu na safi, ili kambini watuone wote wawili tumelowa. Walituuliza. Nikasema tumevuka mto vibaya. Walinicheka mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye niliyetakiwa kujua kivuko. Habari hiyo sikumwambia baba. Rahel mke wangu, niliyeishi naye ndani ya nyumba moja hadi anazikwa, amekufa haijui.

Kwa hiyo ulipofika msimu wa asali baada ya kumzika, tukaingia porini wewe na mimi, sikuwa na shaka nakwenda na nani. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na watu walikuwa wakitoka hata Sikonge kuja niwaombee wagonjwa wao. Walisema sala za Mwalimu Yakobo zina mkono. Siku hiyo ulikuwa umeshashuka mtini, tumefunika ndoo, unatoa miiba ya nyuki kwenye kifundo.

Nikakuambia, "Enoki, nimelemewa."

Ukacheka. "Nyuki walikuwa huku kwangu, kaka. Wewe umekula tu moshi."

"Si nyuki. Tangu tumzike Rahel siwezi kuomba. Nafumba macho, nasema maneno, watu wanasema amina. Ndani hamna mtu."

Uliacha kucheka. Ulinishika bega kwa mkono ulionata asali, alama ikabaki kwenye shati. Ukasema, "Ya mtini yabaki mtini, kaka." Ni wewe uliyesema. Mimi nilikuwa hata sijakuomba.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa tulikaa, kama ilivyo desturi yetu kabla ya Meza ya Bwana, kila mmoja aeleze kama ana neno na mwenzake. Wewe ulikuwa mgeni katika kikao, umeitwa kwa habari ya bati za paa. Ukasimama. "Wazee, shikamooni. Kaka, shikamoo." Nikaitikia marahaba, nikidhani ni bati. Ukasema kuna mwenzetu anayewaombea wagonjwa hali yeye mwenyewe haombi, kwamba amekiri kwako kwa kinywa chake, na kwamba umeona ni dhambi kunyamaza. Hukunitaja jina. Hukuwa na haja, ulikuwa unanitazama.

Mwenyekiti, aliyesoma darasa moja nami, aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Mwalimu, ni kweli?"

Hapa ndipo naandika jambo ambalo hata Tabitha hajalisikia. Nilijibu, "Mdogo wangu anakitaka kiti changu." Nilisema huna haya. Nilisema hujawahi kusikia neno kama hilo kwangu. Ulisimama pale umeshika kofia, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wako wa mtini, uso ule wa mtoto. Nusura niwasimulie wazee habari ya suruali. Ilifika kwenye meno. Niliimeza. Huo ndio wema pekee nilioufanya siku ile, na ulikuwa mdogo.

Sikujua wakati ule kwamba tulikuwa wawili tuliovunja neno. Wewe ulisema jambo la kweli ambalo hukupaswa kulisema. Mimi nililikana jambo la kweli ambalo lilikuwa langu. Lakini nikuambie jinsi lilivyokaa moyoni tangu siku ile: la kwako lilikaa mbele, kubwa kama ghala, na la kwangu lilijificha nyuma yake, nisilione.

Wazee waliniambia nipumzike kwanza. Neno zuri hilo, kupumzika. Kabla mvua hazijaisha kiti changu ukakikalia wewe. Sijui kama kilikuwa kimepoa. Na yaliyonifukuza Ipole hayakuwa ya kikao. Ilikuwa sokoni. Yule mama anayeuza maharage, ambaye nilimwombea mtoto wake homa ikashuka, alinisimamisha. Hakuwa na hasira. Aliuliza, "Mwalimu, siku ile kwa mwanangu, uliomba, au ulisema tu?" Mtoto mwenyewe alikuwa pembeni, mzima, anakula karanga. Nilinunua maharage nisiyoyahitaji nikaenda nyumbani kufunga mizigo.

Watu mliwaambia nimemfuata binti yangu aliyepata kazi ya ualimu huku. Nami niliwaambia hivyo hivyo. Pale Tabora nilipanda treni ya Kigoma nikakaa dirishani. Babu yetu aliijua njia hii kwa nyayo, ana mzigo wa mtu mwingine kichwani, na alikuwa akitusimulia kwamba mpagazi akichoka hutua, hupumzika, hutwishwa na mwenzake. Nilimwaza sana usiku ule. Mzigo wangu haukuwa wa kichwani, na wa kunitua nilikuwa nimemwacha Ipole.

Hapa Ujiji nimeishi vizuri. Nimepata kanisa, nimepata na rafiki. Rafiki ni Mzee Nasoro, mwenye duka la vitambaa mkabala na sisi. Ni mtoto wa Tabora, wa wale Waarabu wa mjini, na ana msikiti wake na swala zake, lakini kahawa tunakunywa moja. Yeye ndiye wa kwanza kunishika uongo. Kila nikisimulia habari zako namalizia, "Lakini nimeshamsamehe." Siku moja akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, habari hii umenisimulia tena na tena. Mtu aliyesamehe husahau baadhi ya maneno. Wewe mpaka kofia aliyoshika unaikumbuka."

"Ni kumbukumbu ya mwalimu tu."

"Ni kumbukumbu ya mdai," akasema, akaninywea na kahawa yangu.

Nilimkasirikia wiki nzima. Nikajaribu kusamehe kwa bidii, kama mtu anayeinua gunia. Nilifunga. Niliimba. Nikaombwa kuhubiri ibada ya jioni, nikachagua kusamehe, nikahubiri vizuri, akina mama wakalia, na njiani kurudi nyumbani nikakuona wewe akilini mwangu umevaa koti la mzee wa kanisa, nikatema mate barabarani. Sala ile ambayo Bwana mwenyewe alitufundisha, nikifika mahali pa kusamehe wanaotukosea nilikuwa nakohoa mpaka wenzangu wapite, kisha naingia nao mbele. Miaka imepita nakohoa hivyo, na watu wananihurumia kifua.

Sasa miguu ilipokataa, mchungaji akaanza kuniletea Meza ya Bwana nyumbani. Ni kijana, ningeweza kumfundisha hesabu za darasa la nne na akapata makosa. Mwezi uliopita alikuja mchana, akatandika kitambaa juu ya stuli, akapanga mkate na kikombe.

"Mzee, tuko tayari?"

Nilitaka kusema ndiyo. Enoki, sijui ni kwa nini sikusema. Labda pumzi ya kudanganya nayo inaisha kama pumzi nyingine. Nikasema, "Mimi siko tayari."

"Umezidiwa? Nimwite Tabitha?"

"Usimwite. Sijamsamehe mdogo wangu. Nimejaribu na siwezi. Na yeye alisema kweli juu yangu, nami nilimfanya mwongo mbele ya wazee. Na kile alichosema bado ni kweli. Kuomba siwezi."

Nilingoja mahubiri. Nimeyatoa mwenyewe mara nyingi, nayajua yanavyoanza. Yeye alifunika kikombe, akavuta mkeka, akakaa chini karibu na hiyo miguu yangu mibaya. "Sijui nikuambie nini, mzee," akasema. Jirani alikuwa anapasua kuni. Baadaye akauliza, "Na Bwana, umemwambia hivi ulivyoniambia mimi?"

"Hapana. Yeye namwambia mambo mazuri."

"Kwa hiyo unamfanyia kama unavyomfanyia Tabitha kwa ule mchuzi usio na chumvi."

Nilishtuka. Kumbe binti yangu anajua kwamba najua, na ameshamwambia mchungaji, na nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyedhani nina siri. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Na kicheko kile kikanilegeza mahali fulani, maana kilipokwisha nilijikuta nasema kwa sauti, bila kufumba macho, neno la baba: "Nimelemewa."

Sikuongeza kitu.

Usidhani niliona nuru. Kuni ziliendelea kupasuliwa. Lakini nitakuambia nilichokisikia, na wewe ndiye mtu pekee duniani utakayeelewa. Maisha yangu yote nilimtafuta Mungu juu. Nilipanda kumfuata, nikajikaza, na kila nilipopanda sikumkuta, nikaona aibu, nikapanda zaidi. Siku ile niliposema neno lile nilihisi kamba ikikazwa kutoka chini. Yuko chini ya mti, Enoki. Amekuwa pale muda wote akingoja niseme. Nimefundisha na kuhubiri kwamba nguvu zake hukaa pale nguvu za mtu zinapoishia, na nilidhani ni maneno ya kuwafariji wanyonge. Sikujua kwamba ni maelekezo ya kazi.

Mchungaji akafunua kikombe. "Hii meza haijawahi kuwa ya washindi, mzee," akasema. Nikapokea. Akanishikia kikombe.

Tangu hapo naomba. Sala zangu zimekuwa fupi, zingewaudhi wale waliokuwa wakitoka Sikonge. Nasema nimelemewa na miguu, nimelemewa na hofu ya kufa, nimelemewa na Enoki. Kwenye ile sala ya Bwana sikohoi tena. Nikifika mahali pale nanyamaza, na namwacha Bwana asikie kwamba nimenyamaza. Nguvu niliyoipata ni ndogo. Imetosha kuandika barua hii, tena kwa vipande, nikilala katikati.

Uliniambia kwenye simu kwamba uliwaambia wazee ili wakusaidie kuniombea. Sijaamini. Nimekutafutia udhuru kwa muda mrefu, nimechoka kuutafuta. Kama upo, njoo nao wewe mwenyewe. Siku nikiusikia kinywani mwako labda kuna kitu kitalegea, au labda hakitalegea. Sitakuahidi. Mtu niliyemfulia suruali kavu alinipeleka kambini akaniacha huko, na bado nikikumbuka alama ya asali kwenye lile shati naumia kama jana.

Lakini kuna jambo naweza kulifanya bila kusamehe, nalo nalifanya sasa. Barua hii, kuanzia pale nilipoandika habari ya kikao, wasomee wazee Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana. Waambie Mwalimu Yakobo alikana, na kwamba Enoki hakusema uongo. Ya suruali ruka. Hiyo ni yako na yangu. Na yule mama wa maharage umwambie jibu langu: siku ile nilisema tu, hapakuwa na sala ndani yangu, na mwanawe alipona hivyo hivyo. Asimshukuru Mwalimu. Nadhani atafurahi kujua kwamba haikuwa kazi yangu. Safari hii nakuruhusu mwenyewe. Ya mtini yapeleke kambini.

Barua inakuja na Mzee Nasoro, anakwenda Tabora kumwoza mjukuu, ataikabidhi kwa magari ya Sikonge. Jana aliishika bahasha hii, nikiwa bado sijamaliza kuandika, akaipima mkononi. "Zamani babu zako waliwabebea babu zangu mizigo njia hii hii," akasema. "Leo mimi nabeba wako. Tumelipana."

Nikamwambia, "Mzee Nasoro, pembe zile za ndovu na karatasi hii?"

"Wewe hujui ulichoandika kina uzito gani," akasema, akanirudishia, akanionyesha mfuko wa ndani wa kanzu utakaoibeba.

Nisalimie Mama Neema, mwambie maji ya moto na chumvi ya mawe yalimsaidia marehemu Rahel. Nisalimie dada yetu mkubwa. Mpe mwangaluka ya Kinyamwezi, maana shikamoo ya Kiswahili huipokea kama barua ya serikali. Msalimie Neema na wanawe ambao wananijua kwa picha tu. Mwenyekiti mwambie yule mwanafunzi mwenzake bado anamzidi kwa hati, hata kwa mkono huu. Na pale alipolala Rahel, palilieni kabla majani hayajafunika jiwe.

Tabitha anasema kitanda cha wageni kipo na neti haina tundu. Treni unaijua. Sikuiti uje kusamehewa. Sina hicho cha kukupa leo, na sitaki ufike ukidhani ninacho. Naomba uje usimame chini tu. Usihubiri. Shika kamba.

Nimelemewa, mdogo wangu.

Kaka yako, ambaye bado yuko juu,
Yakobo